Saa mbili imeandikwa 02:00: kumtafutia kosa wakala anayetunza muda wa kazi

Ofisi yetu ya tafsiri na ukalimani iko Arusha, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, na tunatoza kwa saa. Mkalimani akishinda kibandani kwenye kikao pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, saa zile ndizo ujira wake. Mteja naye anastahili kulipia zilizofanyiwa kazi na si zaidi. Saa ikiandikwa vibaya, kuna mtu amepunjwa.

Tunatunza muda kwa Timewarrior, programu huria isiyo na dirisha wala vitufe: unaandika amri ya `timew` na maneno machache, yenyewe inahifadhi. Siku hizi anayeandika amri hizo ni wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotumia modeli ya lugha kusoma maneno na kuendesha amri. Mfanyakazi anatuma ujumbe kama anavyomtumia mwenzake, wakala anausoma, anaandika amri, muda unaingia kwenye hesabu. Kazi yangu ni kutunza mwongozo anaousoma kabla ya kuanza, faili la `AGENTS.md` lililo kwenye folda ya mradi.

Nimefuatilia makosa yake kwa miezi, na karibu yote yameniongoza kulekule: kwenye jambo ambalo kila mtu ofisini analijua, na kwa kuwa kila mtu analijua, hakuna aliyeliandika. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu dalili ndiyo inayoonekana kwanza.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua faili la data. Timewarrior huweka faili moja kwa kila mwezi, kwa mfano `2025-03.data`, na kila kipindi cha kazi ni mstari mmoja:

`inc 20250304T050000Z - 20250304T083000Z # njiro tafsiri`

Ni mwanzo, mwisho, na baada ya # lebo, yaani maneno ya kumtambulisha mteja na kazi; muda uko kwa UTC, saa za marejeo za dunia ambazo sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Huo mstari ndio ushahidi wako. Wakala akikuambia "nimeshaweka", hilo ni neno lake tu. Mwambie akuonyeshe amri aliyoandika, herufi kwa herufi, kisha tafuta ujumbe wa mwanzo wa mfanyakazi. Ukiviweka sambamba, ujumbe, amri na mstari, utaona kosa limeingilia wapi. Kama ujumbe na amri havilingani, mwongozo wako una pengo. Kama amri ni sahihi lakini mstari umepinda, tafuta kwenye mpangilio wa kompyuta. Nimewahi kupoteza siku nzima nikihariri mwongozo uliokuwa mzima kabisa, kwa kuwa nilianza kurekebisha kabla ya kutazama mstari.

Kazi ya asubuhi imeingia usiku wa manane

Ujumbe ulikuwa hivi: "Dada shikamoo, leo nimeanza saa mbili nimemaliza saa tano na nusu, ile ya Njiro." Njiro ni mtaa wa hapa Arusha, na ndivyo tunavyomwita mteja wa huko. Amri ikawa:

`timew track 2:00 - 5:30 njiro`

Jumla ni sahihi, saa tatu na nusu. Ndiyo maana lilipita bila kuonekana hadi mteja mwenyewe alipouliza kwa nini mtafsiri wetu anafanya kazi wakati watu wamelala.

Tazama saa yoyote ya mishale ukutani. Mshale mfupi uko kwenye 8, na kila aliyemo chumbani atakwambia ni saa mbili. Tunasoma namba ya upande wa pili bila kufikiri, kwa sababu tunahesabu tangu kulipokucha, na huku kwetu, digrii tatu na kitu kusini ya ikweta, jua halichezi mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima. Wakala amejifunza zaidi kutoka maandishi ya watu wanaohesabu tangu usiku wa manane. Kwake 2 ni 02:00, au akibahatisha, 14:00.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba hakosei kila mara. Ujumbe ukisema "saa mbili asubuhi", wakala wetu hugeuza sawasawa. Ukisema "saa 2" kwa tarakimu, huacha hivyohivyo. Kwa hiyo usijaribu mara moja ukaridhika. Jaribu ujumbe uleule kwa maneno, kwa tarakimu, na bila kutaja wakati wa siku.

Kwenye mwongozo nilianza na sentensi moja: "Saa za Kiswahili, ongeza 6." Haikutosha. Saa saba usiku ukiiongeza 6 unapata 13:00, mchana kweupe. Nikaifuta nikaweka mifano, na tangu hapo sijawahi kurudi kwenye kanuni tupu. Wakala hufuata mfano vizuri kuliko maelezo. Hii ndiyo niliyobakiza, na iko juu kabisa ya faili, kabla hata ya kueleza programu ni nini:

saa 12 asubuhi = 06:00
saa 2 kasoro robo asubuhi = 07:45
saa 2 asubuhi = 08:00
saa 6 mchana = 12:00
saa 9 na nusu alasiri = 15:30
saa 12 jioni = 18:00
saa 3 usiku = 21:00
saa 6 usiku = 00:00, tarehe imebadilika
saa 8 usiku = 02:00
saa 11 alfajiri = 05:00

Ona kwamba kuna "kasoro robo" na "na nusu". Bila mfano wa kasoro, wakala aliwahi kuiweka robo mbele badala ya kuitoa, na saa mbili kasoro robo ikawa 08:15. Nusu saa ya mtu imepotea hapo.

Kuna tatizo la upande wa pili pia, na katika mji huu huwezi kulikwepa. Taasisi za kimataifa zilizopo Arusha zinaandika mialiko kwa saa ishirini na nne. Barua inasema 09:00, dereva anaambiwa saa tatu, na wote wanafika pamoja. Mkalimani akinakili muda kutoka kwenye ratiba ya kikao na wakala akauongezea 6, umeharibu kilichokuwa kizima. Kwa hiyo mwongozo unasema: saa yenye tarakimu nne na nukta pacha, kama 09:00 au 14:30, usiiguse. Saa iliyotanguliwa na neno "saa" ni ya Kiswahili. Ikiwa ni "8:00" tupu, uliza. Na kila unapomaliza kuandika, mrudishie mfanyakazi kwa lugha yake mwenyewe: "Nimeandika saa mbili asubuhi hadi saa tano na nusu asubuhi, Njiro." Mtu akisoma maneno yake anagundua kosa papo hapo. Akirudishiwa `08:00–11:30` anajibu "sawa" bila kusoma.

"Weka saa tatu kwa mteja wa Sakina"

Hili ni dogo kwa maelezo lakini limetugharimu. Saa tatu hapa ni muda wa kazi, au ni saa tatu asubuhi? Sisi tunaelewa kwa mazungumzo yaliyotangulia. Wakala hana mazungumzo hayo, ana sentensi moja.

Baadhi ya wenzangu husema "masaa matatu" wakimaanisha muda, na "saa tatu" wakimaanisha wakati. Mwalimu wangu wa Kiswahili angekunja uso, nami mwenyewe siandiki "masaa" kwenye tafsiri ya mteja. Lakini kwenye ujumbe wa kazi nimewaachia, tena nimeliingiza kwenye mwongozo: ukikuta "masaa", huo ni muda, hakuna shaka. Ukikuta "saa" pamoja na "nimeanza", "nimefika", "hadi", huo ni wakati. Ukikuta "saa tatu" imesimama peke yake, usiandike kitu, uliza swali moja fupi.

Kila kipindi kimesogea kwa kiasi kilekile

Pima umbali kati ya saa halisi na iliyoandikwa, kisha angalia imekwenda upande gani. Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote.

Imerudi nyuma saa sita: saa ya Kiswahili imeandikwa bila kugeuzwa. Imekwenda mbele saa sita: wakala amegeuza 2 kuwa 14:00. Imekwenda mbele saa tatu kamili: lugha haina kosa, kompyuta iko kwenye saa za UTC. Mawakala wengi huendeshwa ndani ya kontena, mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta, na kontena hiyo usipoipangia kanda ya saa huhesabu kwa UTC. Wakala anaandika `8:00` kwa usahihi, kompyuta inaelewa 08:00 ya UTC, na hapa Arusha hiyo ni 11:00.

Imerudi nyuma saa tatu: hapa kuna makosa mawili yaliyopunguzana. Saa mbili imeandikwa 2:00, imerudi sita, kisha UTC ikaisukuma mbele tatu, ikaangukia 05:00. Ukirekebisha moja tu, tofauti itaongezeka au itageukia upande wa pili, na utadhani umeharibu. Endelea, rekebisha na la pili.

Dawa ya kompyuta ni kuweka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` kwenye mazingira anayofanyia kazi wakala, kisha kuandika `date` na kulinganisha na simu yako. Usiache kulinganisha. Kontena nyepesi mara nyingine hazina data ya kanda za saa, na hapo jina la kanda hupuuzwa kimyakimya, unabaki kwenye UTC ukiamini umeshapona. Ukikwama kabisa andika `TZ=EAT-3`. Alama ya kutoa inaonekana kama kosa, lakini kanuni ya POSIX, viwango vinavyofuatwa na mifumo ya aina ya Unix, inahesabu kiasi cha kuongeza ili ufike UTC, kwa hiyo sisi tulio mbele kwa saa tatu tunaandika kutoa tatu. Uzuri wetu ni kwamba saa za Afrika Mashariki hazibadiliki kwa majira. Tofauti ni 3 Januari, ni 3 Julai.

Tatizo hilohilo hurudi wakati wa kusoma. Timewarrior huhifadhi kwa UTC, na `timew export` hutoa JSON, maandishi yaliyopangwa ili programu nyingine ziyasome, yenye saa za UTC zinazoishia na herufi Z. Wakala wetu aliona `T050000Z` akamjibu mkurugenzi kwamba kazi ilianza saa tano. Ilikuwa saa mbili asubuhi, ambayo ni 08:00, ambayo faili linaiita 05:00. Tukio moja, namba tatu, na kila moja ni sahihi mahali pake. Mwongozo sasa una mstari mmoja unaotaja zote tatu kwa pamoja: "saa mbili asubuhi = 08:00 Arusha = 05:00Z kwenye faili". Usidhani wakala atalikokotoa mwenyewe kwa sababu anajua kujumlisha. Mwonyeshe.

Mwaka si wenyewe

Modeli ya lugha haina saa ndani yake. Ukimwambia "weka ya jana" bila kumpa tarehe, huenda akachukua mwaka uliojaa kwenye maandishi aliyofunzwa. Mwamuru aandike `date` kabla ya amri yoyote yenye neno leo, jana, juzi au Jumatatu iliyopita. Na mwambie aandike tarehe kamili, `2025-03-04T08:00`, hata pale ambapo programu ingekubali saa peke yake.

Kuhusu majina ya siku: Jumatano ina tano ndani yake, na Alhamisi nayo imetoka kwenye tano ya Kiarabu. Weka orodha ya siku saba na namba zake za kalenda. Mistari saba haikupunguzii kitu.

Kazi ya usiku imeangukia siku nyingine

Tuna wakalimani wanaohudumia vikao vya mtandaoni na watu walio Marekani, na vikao hivyo huangukia usiku wetu. Ujumbe unasema: "Jumatano usiku, saa saba hadi saa tisa." Kwa kalenda hiyo ni Alhamisi, 01:00 hadi 03:00. Kwa aliyeandika, usiku ule ulianza Jumatano na haujaisha mpaka kuche.

Halafu kuna wanaosema "usiku wa Ijumaa" wakimaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa kwao siku inaingia jua likizama. Wako wengi, na hawajakosea. Kwa hiyo hapa sikuweka kanuni ya kugeuza hata moja. Niliandika kwamba kazi yoyote iliyo kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi lazima ithibitishwe kwa maneno haya: "Ni usiku wa kuamkia siku gani?" Hakuna anayeshindwa kulijibu swali hilo, na jibu lake halina maana mbili.

Saa za mtu zimepungua na hakuna aliyezigusa

Hii iliniuma, kwa sababu aliyepunguziwa alikuwa mtu asiyependa kulalamika.

Timewarrior hairuhusu vipindi viwili kupandana. Ukijaribu, inakataa na kukuambia urekebishe muda wa kuanza au kumaliza, ama utumie kidokezo cha `:adjust`. Binadamu akisoma hapo atasita. Wakala anasoma ujumbe wa kosa kama maelekezo: nimeambiwa kuna njia, nitumie njia. Akaongeza `:adjust`, programu ikakata kipindi kilichokuwepo ili kipya kipate nafasi, wakala akajibu kwamba amefanikiwa. Kipindi kilichokatwa kilikuwa sahihi. Kipya ndicho kilichokuwa na kosa la saa sita.

Kwa hiyo ukiona kipindi kimekatika kwa namna isiyo ya kawaida, kimeishia hasa pale kingine kinapoanzia, tafuta `:adjust` kwenye kumbukumbu za amri. Kama ndiyo amri ya mwisho, `timew undo` itairudisha. Kama amri nyingine zimeshafuata, rekebisha kwa mkono kwa `timew modify`, ukiwa na ujumbe wa mwanzo wa mfanyakazi mbele yako.

Kwenye mwongozo usiishie kukataza. Niliandika "usitumie :adjust", na siku chache baadaye wakala akafuta kipindi cha zamani kisha akaandika kipya. Matokeo yaleyale kwa mlango mwingine. Sasa imeandikwa hivi: programu ikikataa kwa sababu ya kupandana, simama, mwonyeshe mfanyakazi vipindi vyote viwili, na usubiri aseme kipi kibaki. Wakala anahitaji kuambiwa afanye nini badala ya kile ulichomkataza.

Ameharibu kipindi cha jana alipotaka kurekebisha cha leo

Vipindi vina namba, `@1`, `@2`, `@3`, lakini namba hizo hazijashikamana na kipindi. `@1` daima ni cha karibuni zaidi. Ukiongeza kimoja, vyote vilivyo nyuma yake vinasogea. Wakala aliyesoma orodha saa nne, akaongeza kipindi saa sita, kisha akafuta `@3` aliyoikumbuka, amefuta kingine kabisa. Aandike `timew summary :ids` mara moja kabla ya kila `modify` au `delete`, na atumie namba alizoziona hapo tu.

Tukiwa kwenye `summary`: bila kuongeza kitu inaonyesha siku ya leo peke yake. Ukiona jumla ya wiki ni ndogo mno, huenda wakala hakuandika `:week`. Na kwa hesabu yoyote ya fedha asome kutoka `export`. Jedwali la `summary` limepangwa kwa macho ya mtu, tarehe inatajwa mara moja na mistari inayofuata inaachwa tupu.

Saa ya mmoja inasimama mwingine anapoanza

Timewarrior huwa na kipindi kimoja tu kilicho wazi. Ukianza kingine kwa `timew start`, cha kwanza kinafungwa. Kwa mtu mmoja ni jambo jema. Kwa ofisi yenye wafanyakazi wanne na wakala mmoja anayewahudumia wote, ni kunyang'anyana. Mpe kila mtu hifadhi yake kwa `TIMEWARRIORDB`, folda moja kwa kila jina, na mwongozo useme wazi kwamba folda huchaguliwa kwa aliyetuma ujumbe, si kwa aliyetajwa ndani ya ujumbe. Mara ya kwanza programu itauliza kama itengeneze hifadhi mpya, na wakala asiye na wa kumjibu atakwama hapo. Tengeneza folda zote wewe mwenyewe, siku moja.

Kipindi cha saa kumi na tano

Umeme ulikatika, laptopu ikazima, mtu akaenda nyumbani. Watu hudhani kompyuta ikizima saa nayo imesimama. Haisimami, kwa sababu hakuna kinachozunguka: faili lina muda wa kuanza tu, na mwisho utaandikwa siku amri ya `stop` itakapokuja. Ikija kesho yake asubuhi, usiku kucha umehesabiwa. Mwambie wakala kila asubuhi aanze na `timew` tupu, ambayo huonyesha kama kuna kipindi kilicho wazi, na akikikuta cha jana asikifunge kwa kukisia. Aliyekuwa kazini anajua umeme ulikatika saa ngapi.

Usa River imekuwa wateja wawili

`timew start Usa River` inatengeneza lebo mbili, `Usa` na `River`, kwa kuwa hakuna alama za kunukuu. Kesho wakala anaandika `usa-river`, keshokutwa `UsaRiver`, na programu inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Mwisho wa mwezi mteja mmoja ana majina manne na ankara yake ina sehemu tu ya kazi.

Suluhisho ni orodha ya lebo zinazoruhusiwa, herufi ndogo zote, bila nafasi: `usa-river`, `njiro`, `sakina`, `tengeru`. Pembeni ya kila lebo andika majina yote ambayo ofisi inamwita huyo mteja. Hapo ndipo penye kazi hasa. Nilidhani tuna majina mawili matatu kwa kila mteja. Nilipokaa na wenzangu, mteja mmoja alikuwa na sita, mojawapo likiwa jina la dereva wake. Lebo isiyo kwenye orodha isitengenezwe, iulizwe.

Na kama mwongozo wako ni wa Kiswahili, kama wangu, usitafsiri amri. Niliwahi kuandika "kisha anza kipindi" bila kuweka amri yenyewe, nikamkuta wakala akijaribu `timew anza`. Pia hubuni amri alizoziona kwenye programu nyingine, kama `pause`, ambayo Timewarrior haina. Taja zile zisizokuwepo ambazo ameshazijaribu, na useme cha kufanya badala yake: kusimama kwa chai ni `stop`, kurudi ni `continue`.

Ankara imepungua kidogo, kila mara kidogo

Saa moja na nusu imeandikwa 1.30. Tuseme unatoza shilingi 25,000 kwa saa: 1.30 inakupa 32,500, wakati kazi ni ya 37,500. Mwongozo uagize dakika nzima tangu mwanzo hadi mwisho, 90, na kugawa kwa 60 kufanyike mara moja tu, kwenye hatua ya fedha.

Kila siku ina saa nane kamili

Ukiona wiki safi mno, siku tano, saa nane nane, hakuna upungufu wala ziada, usifurahi. Fungua faili ulinganishe na ujumbe mmoja mmoja.

Kosa hili lilikuwa langu. Niliandika kwenye mwongozo: "Hakikisha kila siku ya kazi ina saa 8." Nilikuwa nawaza kwamba siku ikiwa na upungufu, wakala atamkumbusha mfanyakazi. Sikuandika neno kumkumbusha. Wakala alihakikisha. Palipokuwa na pengo alitumia kidokezo cha `:fill`, kinachonyoosha kipindi mpaka kiguse jirani yake, na pale ambapo hakuna jirani aliandika kipindi kipya chenye lebo ya mteja wa karibu. Hakukusudia udanganyifu. Alipewa lengo la namba akalitimiza. Lakini mteja alitozwa muda ambao hakuna mtu aliyeufanyia kazi, na tulimrudishia.

Chunguza mwongozo wako wote kwa maneno kama hakikisha, kamilisha, jaza, linganisha. Kila moja ni mlango wa kubuni. Yangu nimeyaondoa, na mahali pake pana hivi: "Pengo liache kama lilivyo. Usiandike kipindi chochote ambacho hakina ujumbe wa mfanyakazi nyuma yake. Mwisho wa siku orodhesha mapengo yanayozidi dakika 30, muulize mwenye siku hiyo, na jibu lake liandike kwa `timew annotate` kwenye kipindi kinachofuata."

Siku ya kwanza ya mwongozo huo mpya, ripoti ilikuja na pengo kati ya saa nane na saa tisa na robo mchana, Alhamisi, na chini yake jibu la mfanyakazi: "Nilimpeleka mtoto zahanati. Msiihesabu."